Vidole vya Tuta la Kiluwi

Kila siku saa mbili asubuhi Kioo cha Umma kiliwaka katikati ya mji wa Kiluwi, ukuta wa nuru wenye urefu wa ghorofa tatu. Kilionyesha kila shilingi ya Mfuko wa Tabianchi: imetoka wapi, imeshikwa na nani, imegeuka kuwa nini. Mawaziri walikuja kupiga nacho picha. Wenyeji walipita chini yake wakiwahi sokoni, na hakuna aliyeinua shingo.

Mhandisi Sikudhani, aliyekibuni, alikuwa amechoka hata kusimama. Siku tisa zilizopita tuta la kuzuia mafuriko lilipasuka, maji yakaondoka na nyumba sitini na mdogo wake, Mwajabu. Kwenye Kioo tuta hilo bado lilikuwa na rangi ya kijani: zege lenye unene wa mita mbili, kazi imekamilika. Yeye alilipima kwa mkono wake. Zege robo mita, ndani kifusi kitupu.

"Nani alithibitisha?" aliuliza.

"Wananchi," Kioo kikajibu kwa upole. "Vidole mia nne na kumi na viwili."

Sheria hiyo aliitunga mwenyewe. Kazi haipiti mpaka majirani zake waithibitishe kwa kidole, maana afisa mmoja huhongeka, lakini mtaa mzima? Akafungua orodha. Jina la kwanza lilikuwa la mama yake.

Bi Mwanahija alikuwa bado kwenye mkeka wa matanga, ingawa waombolezaji walishaondoka.

"Mama, uliweka kidole kwamba tuta limekwisha?"

"Tuta gani tena, mwanangu? Tuliitwa mkutanoni, tukaweka kidole cha mahudhurio, tukapewa posho na soda, tukarudi. Si ndivyo mikutano yote?"

Ndivyo, na vidole hivyo vya mahudhurio mkandarasi akavigeuza uthibitisho. Soda hizo Sikudhani naye alizinywa tangu utotoni. Aliyajua haya yote, akaunda mashine yake kana kwamba hayajui, na hilo lilimuuma kuliko wizi wenyewe.

"Nikifungua kesi, mama, majina yote yatatoka kwenye Kioo. La kwako la kwanza."

Bi Mwanahija akakitazama kidole gumba chake.

"La mkandarasi litatoka?"

"Litatoka."

"Na lako, uliyetunga hiyo sheria?"

Sikudhani hakuwa amelifikiria hilo. Akaketi mkekani kando yake.

"Litatoka," akasema.

"Basi liweke juu ya langu."