Fomu Thelathini na Zamu ya Maji

Kwetu Mghange, Jumatano ilikuwa siku yetu ya maji. Mfereji unaoshuka kutoka msituni hupitia mashamba ya watu kumi na wanane, na kila mmoja ana siku na saa zake. Zamu yetu ilikuwa kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Babu alikuwa mmoja wa waliouchimba mfereji huo kwa jembe na mtaimbo, zamu ikaja kwa Baba, na Baba alipofariki ikabaki kwa Mama. Ukiikosa zamu yako, unangoja wiki nzima huku ukitazama mboga zikinyauka.

Basi kila Jumatano niliamka bila kuitwa. Nilikoka moto, nikapika chai, nikafagia uwanja, kisha nikaenda kumwamsha kaka yangu Sylus. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitoa jasho.

Sylus alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea afya ya jamii. Mimi nilikuwa Gredi ya Saba, na machoni pangu hakukuwa na mtu mwerevu kumshinda katika kata nzima. Lakini likizo ile ya Agosti alirudi amekonda, macho mekundu, shingo imeinama mbele hata akiwa hajashika chochote. Mwezi wa Aprili alikuwa ameanguka ndani ya chumba cha mtihani. Daktari alimpima malaria, akampima damu, asione kitu. Mwishowe akamuuliza hulala kwa muda gani. Sylus akajibu kuwa hulala kwa muda wa saa nane kamili.

Uongo mtupu! Mimi nalala chumba cha pili, na ukuta wetu ni wa mbao. Nilimsikia akicheka na simu yake mpaka jogoo wanawika. Huko mtandaoni alijiita Mwana wa Milimani, na wafuasi wake walikaribia elfu tisa. Wakiongezeka, alikula amesimama kwa haraka arudi kuwatazama. Wakipungua watatu tu, alikataa chakula. Mama alimpikia kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, chakula alichokililia tangu utotoni, kikalala kwenye sahani mpaka kikawa cha kuku.

Alikuja na kazi ya chuo: fomu thelathini zilizopigwa chapa vizuri. Juu ziliandikwa, "Mitandao ya Kijamii, Afya na Mazoea ya Kila Siku ya Wanafunzi wa Chuo Kikuu." Alitakiwa kushuka Voi, awatafute wanafunzi wenzake thelathini, kila mmoja ajaze yake. Wiki ya kwanza alisema atashuka kesho. Wiki ya pili akaniita chumbani.

"Tesh, una mwandiko mzuri," aliniambia bila kuinua macho. "Nijazie hizi."

"Mimi? Si zinataka watu wa chuo?"

"Nani atajua? Badilisha-badilisha mwandiko tu. Ukimaliza nitakuweka kwenye video yangu, Gredi ya Saba yote ikuone."

Nilizipokea kama mtu aliyepewa zawadi. Sikujua wanafunzi wa chuo wanaishi vipi, kwa hiyo nikawatunga. Wote niliwalaza mapema. Wote niliwanywesha uji asubuhi, nikawapa mazoezi ya viungo, na hakuna hata mmoja aliyeumwa na kichwa. Palipoulizwa, "Je, umewahi kuacha kazi muhimu kwa sababu ya simu?" niliandika "La" kwa mwandiko wa kulalia kushoto, kisha kulia, kisha wima. Nikajiona msomi.

Jumatano ya wiki ya tatu, Mama alikuwa na mazishi Mbololo. Kabla ya kuondoka alimsimamisha Sylus mlangoni na jembe mkononi.

"Leo maji ni yako. Shamba lina matuta manane. Tuta moja likijaa, ziba, fungua linalofuata. Usiyaache maji peke yake hata kidogo. Unajua chini yetu kuna nini."

"Najua, Mama. Kitalu cha Mama Wakesho."

"Miche ya kabichi. Ameilea wiki sita, yule mjane. Ukingo wetu ukianguka, unamwangukia yeye."

"Mama, mimi si mtoto."

"Sijasema wewe ni mtoto. Nimesema uangalie maji," Mama alijibu, akafunga leso yake, akaenda.

Ilipokaribia saa nne nilimpelekea Sylus chai shambani. Nilimkuta ameketi juu ya jiwe karibu na lango la mfereji, jembe limelala chini, simu ameiegemeza kwenye mti mbele yake. Alikuwa laivu mtandaoni. Alitabasamu, akatikisa mabega, akawasalimu watu wa Nakuru, Kisumu na Doha. Nyuma yake shamba letu lote lilionekana likiteremka kijani mpaka chini.

"Weka hapo," alininong'oneza pembeni. "Mambo yako sawa. Rudi umalizie fomu, zimebaki ngapi?"

"Nne."

"Haya, kimbia."

Niligeuka kurudi, na hapo ndipo nilipoliona tuta la chini kabisa. Lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Maji yalianza kuchuruzika juu ya mawe, na udongo wa pale ulikuwa umelowa ukabadilika rangi. Nilisimama, nikatazama. Nilijua maana yake; nimekulia kwenye shamba hilo. Lakini Sylus alisema mambo yako sawa, na nilikuwa na fomu nne tu kabla ya kuonekana na Gredi ya Saba yote. Nikashika njia ya nyumbani.

Sikuwa nimemaliza hata fomu moja niliposikia kishindo cha udongo, kisha sauti ya Mama Wakesho, "Uwii! Uwii! Miche yangu!"

Tulipofika, kitalu hakikuwepo. Palikuwa na tope na mawe, na vijani vichache vilivyochungulia. Mama Wakesho alipiga magoti akifukua kwa vidole, akitoa mche mmoja mmoja, akiusafisha kwa pindo la leso. Nilitaka ardhi inimeze. Sylus aliiangalia ile hasara, akaangalia simu yake, akaitia mfukoni.

"Ni fuko," alisema. "Fuko wametoboa ukingo kutoka ndani."

Mama aliporudi jioni alimwambia hivyo hivyo. Mama akanigeukia. "Teresia, ni kweli?"

"Ni kweli, Mama. Ni fuko," nikasema. Neno lilitoka jepesi, na jambo hilo bado linaniuma.

Maana kwetu fuko na uzembe si kitu kimoja. Ukingo ukiangushwa na fuko, watu wote wa mfereji huja na majembe kukusaidia, na jirani hufidiwa miche na wote. Ukianguka kwa sababu mwenye zamu hakuwa macho, anafungiwa maji msimu mzima, na hasara ya jirani ni juu yake. Kwa Mama, msimu bila maji ulikuwa msimu bila mboga, na mboga ndizo zilizotulisha na kutusomesha.

Jumamosi tulikutana penye lango la mfereji. Mwenyekiti, Mzee Hudson, aliketi juu ya jiwe lile lile la Sylus. Binti yake Daisy, aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliopita, alikuwa akiandika majina ya waliohudhuria. Mzee Hudson aliuliza mara moja tu.

"Mama Sylus, maji yalilindwa?"

Mama alisimama. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. "Yalilindwa. Ni fuko. Kwa jina la marehemu mume wangu, ambaye baba yake alichimba mfereji huu, mwanangu hakuondoka hapa. Mimi sikumlea hivyo."

Watu waliitikia kwa vichwa, na wengine wakaanza kupanga siku ya kuja na majembe. Nilidhani yamekwisha. Ndipo Daisy akainua uso kutoka kwenye daftari lake.

"Lakini Baba, ule ukingo ulianguka wakati Sylus yuko laivu. Mimi nilikuwa naangalia. Video bado iko."

Hakusema kwa ubaya. Nafikiri hakujua hata anafungua nini. Mzee Hudson alinyoosha mkono, akapewa simu, na watu wakamzunguka. Mama alisogea, akaomba aishike yeye mwenyewe.

Sylus alikuwa pale kwenye kioo, anacheka, anatikisa mabega. Nyuma yake tuta la chini lilikuwa likijaa. Kisha nikatokea mimi na kikombe cha chai. Nikakiweka, nikageuka, nikasimama nikilitazama tuta lile kwa muda mrefu kuliko nilivyokumbuka, halafu nikaondoka zangu. Hivyo ndivyo nilivyoonekana kwenye video ya kaka yangu.

Maandishi ya wafuasi yalipita chini ya picha. "Bro, maji nyuma yako!" "Geuka, shamba linaenda!" Mmoja aliyekuwa Doha aliandika mara tatu. Sylus aliyasoma kwa sauti, akacheka. "Eti maji! Hapa ni Taita, jamani, maji ni kawaida. Haya, nani mwingine yuko ndani?" Aliyasema hayo wakati ukingo unaanguka nyuma ya bega lake, na hakugeuka mpaka Mama Wakesho alipopiga kelele.

Mama aliitazama mpaka mwisho. Akamrudishia Daisy simu, akaifuta kwanza kwa leso kana kwamba ameichafua.

"Nimeapa uongo," alisema. "Nimeapa kwa jina la marehemu. Zamu yangu ifungeni. Na miche ya Mama Wakesho nitailea upya kwa mikono ya hawa wawili."

Wale waliokuwa wakipanga siku ya majembe waliondoka mmoja mmoja, bila kutuangalia. Mzee Hudson aliliziba lango letu kwa jiwe na udongo, akashindilia kwa mguu. Tangu nizaliwe sikuwahi kuliona lango hilo likizibwa kwa adhabu.

Nyumbani, nilizitoa zile fomu chini ya godoro, nikamweleza Mama yote. Alizisoma moja moja, polepole.

"Wote wanalala vizuri," alisema. "Wote wanakunywa uji. Sylus, hawa wanafunzi wako wazima hivi, nani huyo aliyeanguka kwenye mtihani?"

Sylus aliinamisha kichwa. Nilimwona kaka yangu akilia, na sikupendezwa na jambo hilo hata kidogo.

"Daktari alikuuliza ukamdanganya. Chuo kinakuuliza, unakidanganya. Nikakuuliza mimi, ukaniacha niape. Unasomea afya ya watu, nawe yako umeitupa kwa watu usiowajua. Wao wenyewe walikuambia ugeuke!"

Fomu zikaishia jikoni, chini ya sufuria ya maharagwe.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Tulijenga ukingo upya kwa mawe. Mama Wakesho alitupa mbegu bila neno, tukapanda kitalu kipya, na kwa kuwa hatukuruhusiwa maji ya mfereji, tuliyabeba mgongoni kwa mitungi kutoka kijito cha bondeni, mara sita kwa siku. Simu ya Sylus ililala kwenye kabati la vyombo la Mama kuanzia magharibi hadi asubuhi. Wiki ya kwanza alikuwa mkali, mikono haitulii, akijipapasa mfuko mtupu. Wiki ya pili alianza kulala kabla yangu. Wiki ya tatu alikula kimanga sahani mbili, na macho yake yakarudi meupe. Lakini mboga zetu zilikauka tukiziona, na Mama alikwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya watu waliomwita Mama Sylus kwa sauti ambayo sikuipenda.

Sylus aliuandikia uongozi wa chuo kueleza kuchelewa kwake, akakatwa alama. Akachapisha fomu mpya, akashuka Voi siku nne mfululizo, akarudi na ishirini na tisa. Hazikufanana na zangu. Mmoja aliandika kuwa halali mpaka alfajiri. Mwingine hakumbuki alipokula asubuhi mara ya mwisho. Mwingine aliandika kwamba kidole gumba kinamuuma na anaogopa kumwambia mama yake.

Fomu ya thelathini aliijaza mwenyewe, mezani, mbele yetu. Mama alimtaka asome kwa sauti. Alipofika pale paulizwapo kuhusu kazi muhimu aliyoiacha kwa sababu ya simu, alisoma, "Ndiyo." Chini yake alikuwa ameandika mistari mingi mpaka nafasi ikaisha.

"Sasa umesema kweli," Mama alimwambia. "Simu si mbaya, mwanangu. Ila usiiachie usingizi wako, chakula chako na kazi yako, kisha ukadanganya ili isionekane. Mgonjwa anayemficha daktari hawezi kupona."

Nikafikiri yamekwisha. Nikaanza kukusanya vikombe. Mama akanishika mkono.

"Na wewe, Teresia? Kaka yako hakuliona lile tuta, macho yake yalikuwa kwenye simu. Wewe hukuwa na simu. Wewe uliliona."

Sylus alisogeza karatasi tupu mbele yangu, akaniwekea kalamu juu yake. Niliandika niliyoyaona siku ile, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na kesho yake nikampelekea Mama Wakesho karatasi hiyo pamoja na mtungi wa kwanza wa maji wa siku ile.