Wali wa Ukutani

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Warda alikusanya wali uliobaki akauweka juu ya ukuta wa nje, kwenye sinia kuukuu. Wali ni neema ya Mungu. Hautupwi pipani pamoja na nepi za mtoto. Ndege wale, paka wale, na yeye apate thawabu zake.

Majirani nao walifanya vivyo hivyo. Walikaa Al Thumama, mtaa mmoja wa Uarabuni, katika jumba kubwa lililogawanywa vyumba, kila chumba na familia yake. Ukuta wa uchochoroni ulijaa wali, mikate na mifupa ya samaki. Ilikuwa karamu kila siku, na panya hawakungoja kualikwa.

Warda alitoka Unguja kumfuata mumewe, Yusufu, dereva wa kampuni. Mtoto wao, Iddi, ndiyo kwanza alikuwa amejua kutembea. Siku moja panya alipita juu ya mguu wa mtoto, mchana kweupe. Tangu hapo Warda hakuthubutu kumweka chini uani. Alipika naye mgongoni, akafua naye mgongoni. Iddi alilia kutaka kushuka, na mama yake alikuwa hoi kwa uchovu.

"Ni wale mabachela wa nyumba ya pili," Warda alimwambia mumewe. "Wanaume watupu, usafi wataujulia wapi?"

"Nitawamaliza," alisema Yusufu.

"Mabachela?"

"Panya, mke wangu!"

Yusufu alinunua sumu, akaipaka kwenye vipande vya mkate, akavitupa nyuma ya mapipa ya taka. Alijiona fundi kweli.

Kesho yake Warda alikuwa anaanika nguo. Mgongo ulimuuma, akamteremsha Iddi mlangoni, kidogo tu. Alipogeuka, mtoto alikuwa ameshika kipande cha mkate na makombo yamemganda mdomoni. Panya walikuwa wamekiburura kutoka kwenye mapipa.

Warda alipiga ukelele, "Sumu! Amekula sumu ya panya!" Alitaka kumtia mtoto kidole kooni atapike. Jirani yake Cherotich, Mkenya anayesimamia usafi wa jikoni katika hoteli, alitoka mbio.

"Wacha, Mama Iddi! Usimtapishe! Mfute mdomo na kitambaa. Pakiti ya sumu iko wapi? Tunaenda nayo hospitali, daktari aone ni sumu gani."

Hospitalini walimpima Iddi damu, wakamweka chini ya uangalizi. Jioni daktari alisema mtoto hakumeza kitu. Alhamdulillahi! Warda aliketi pale pale sakafuni akalia kwa furaha. Yusufu alishika mguu mdogo wa mwanawe, asiuachie.

Ijumaa Cherotich aliwaita majirani wote uani. Mabachela nao walikuja, na msemaji wao alikuwa Dominiko, Mtanzania, askari wa ulinzi.

"Kule hotelini tunaanza na swali moja," alisema Cherotich. "Panya anakula nini? Ukitupa sumu na chakula bado kipo, yeye atakula chakula. Halafu ile sumu inabebwa mpaka kwa watoto. Sumu ni kazi ya watu wa manispaa, na wao wanaifungia ndani ya sanduku. Sasa angalieni huo ukuta."

Watu waliangalia. Sinia la Warda lilikuwa pale juu, na mavi ya panya yamelizunguka. Warda alitamani ardhi ifunguke.

"Lakini dada," aliuliza kwa sauti ndogo, "ndiyo nitupe neema ya Mungu?"

"Sijasema utupe. Nasema isilale nje."

Dominiko alikohoa. "Shemeji, sisi tukitoka zamu mchana tunakula mkate na maharage ya kopo. Huo wali wa ndege huwa tunaupita tu tukimeza mate."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Warda naye alicheka, huku akijifuta machozi.

Basi wakapatana. Wali wa ziada hupakuliwa ungali moto na kupelekwa kwa mabachela. Ndege hupewa konzi moja asubuhi, kisha chombo kinaondolewa. Mabachela waliziba matundu ya ukuta kwa waya na saruji, nao ndio wanaofagia uchochoro. Taka hufungwa kwenye mifuko kabla ya kutiwa pipani. Yusufu alipiga simu manispaa, wakaletewa mapipa yenye vifuniko, na mafundi wakaweka masanduku yao ya sumu yenye kufuli.

Panya hawakuondoka mara moja. Walipungua, kisha wakaadimika. Kwanza walitoweka kule nyuma ya mapipa, baadaye hata uchochoroni hawakuonekana tena.

Jioni moja kabla ya Magharibi, Warda alisimama uani na Iddi mgongoni. Aliangalia ukuta, akaangalia pembe zote, akaangalia mapipa. Kisha akafungua kanga, akamweka mtoto chini.

Iddi alisimama kidogo kama asiyeamini. Halafu akaondoka, akipepesuka na kucheka, moja kwa moja hadi kwa Dominiko, aliyekuwa anarudisha sinia limeoshwa linang'aa.

"Shemeji, mwanao huyu!" Dominiko aliita. "Nimrudishe?"

"Mwache," alisema Warda. "Mwache atembee."

Alibaki amesimama, mgongo mwepesi na mikono mitupu, hata hakujua aiweke wapi.