Pumzi za Mzee

Asubuhi ile chumba cha kukatia kanda kilinuka pipi za mnanaa. Fundi Wembe alisimama mlangoni na funguo mkononi, akanusa tena, akajiambia labda msafishaji amebadilisha sabuni. Lakini harufu ile aliijua. Mtu mmoja tu nchini alikuwa akimung'unya pipi zile kabla ya kuhutubia, na mtu huyo hakuwahi kukanyaga chumba hiki cha nyuma cha redio ya taifa, kisicho na dirisha na chenye kiti kimoja kibovu.

Jina la Wembe alipewa na wenzake kwa sababu ya kazi yake. Kila hotuba ya Mzee ilipita mikononi mwake kabla ya kurushwa hewani. Mzee alikuwa mtu wa kukohoa, kusita na kutweta kama aliyepanda ngazi, na wananchi hawakutakiwa kuyajua hayo. Wembe aliisikiliza kanda, akaweka alama ya penseli pale pumzi ilipoanza na ilipoishia, akakata, akaunganisha ncha mbili kwa utepe wa gundi. Basi nchi nzima ilimjua kiongozi asiyevuta pumzi. Vipande vilivyokatwa alivitia kwenye kopo la maziwa chini ya meza, maana amri ilikuwa kwamba kilichotoka kinywani mwa Mzee hakitupwi, na nani angethubutu kuuliza kama amri hiyo inahusu na kikohozi?

Tusidanganyane, Mzee hakutawala kwa bunduki peke yake. Neno alilolipiga marufuku lilitoweka midomoni. Njaa, kwa mfano, iliondoka nchini siku aliyolikataza jina lake. Tangu hapo kukawa na "uchelewaji wa shibe", na watu wakachelewa kushiba mpaka mbavu zikaonekana. Mdogo wake Wembe, mwalimu wa shule ya msingi, aliulizwa darasani kwa nini mwanafunzi mmoja ameanguka. Akajibu kwamba mtoto ana njaa. Hilo tu. Walimchukua kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, na tokea siku hiyo mama yao alihamia kulala sebuleni karibu na mlango, asije akakosa kumsikia akibisha.

Wembe alikuwa hajakaa vizuri Waziri wa Habari alipoingia mwenyewe, bila walinzi, shati limemganda mgongoni. Akafunga mlango. Alieleza kwa kunong'ona kwamba Mzee amefariki alfajiri, kwamba wakubwa hawajaelewana nani akae kitini, na kwamba mpaka waelewane ni lazima Mzee azungumze na taifa mchana huu. Kanda za zamani zimejaa ghalani na maneno yote yamo. Yapangwe upya.

Kichwani mwa Wembe alikuwemo mtu mmoja tu.

"Mheshimiwa, nina mdogo wangu gerezani."

Waziri alimtazama kidogo. "Mzee akisema aende nyumbani, nani atabisha?"

Akaingia kazini. Salamu alizitoa kwenye hotuba ya mwaka mpya, ahadi kwenye hotuba ya bwawa ambalo halikujengwa. Kwa ajili ya mdogo wake alitafuta neno la msamaha kanda baada ya kanda na hakulipata, kwa kuwa Mzee hakuwahi kulisema. Akaunga alichokipata: "mwalimu yule" kutoka kwenye sherehe za shule, "aende" kutoka siku balozi mmoja alipofukuzwa, "nyumbani leo" kutoka kwenye mazishi ya jenerali. Ikawa amri fupi isiyo na sharti lolote. Mwalimu yule aende nyumbani leo.

Alipoicheza kanda, maneno yalikuwa sahihi lakini yamekufa. Kila moja lilikuwa la mwaka wake, na yalikaa pamoja kama abiria wasiojuana. Waziri alitikisa kichwa. Hapo ndipo ufundi ulipompanda Wembe, kile kiburi cha mtu anayeipenda kazi yake hata pale ambapo ingefaa aichukie. Alilivuta kopo, akazichambua pumzi za miaka mingi, ndefu na fupi, akazipachika moja moja katikati ya sentensi. Alizokuwa amemnyima Mzee maisha yake yote, sasa alimrudishia zote. Alipobonyeza tena kitufe, Waziri alijikuta amesimama wima, visigino vimegusana.

Hotuba ilirushwa mchana huo, moja kwa moja kutoka kwenye mashine ya chumba kile. Ilipita vizuri, na Wembe alipoisikia sentensi ya mdogo wake machozi yalimtoka. Kisha kanda ikaisha. Ncha yake ikawa inapigapiga kwenye mashine, tap, tap, tap, naye akanyoosha mkono kuizima, na ndipo alipotambua kwamba kwenye spika Mzee alikuwa anavuta pumzi, ndefu, ya taratibu, ambayo haikuwa kwenye kanda wala kwenye kopo, na harufu ya mnanaa ikajaa chumbani mpaka macho yakamwasha, na sauti ikaendelea kuzungumza, safari hii maneno hayakuwa ya miaka tofauti, yalikuwa ya leo, mabichi, yakisema kwamba Waziri wa Habari yumo chumba cha nyuma anawaambia watu kwamba Mzee amekufa, naye akamatwe. Waziri alimgeukia Wembe kama anayetaka kucheka. Wembe aling'oa waya ukutani, akaushika mkononi, na sauti ikaendelea. Walinzi wa Waziri ndio waliokuja kumchukua. Walimwomba radhi mara mbili wakimfunga pingu.

Wembe hakusubiri aitwe na yeye. Alifika nyumbani akihema, na lori la jeshi lilikuwa tayari mlangoni. Askari walikuwa wameinamisha nyuso, suruali zao zimejaa udongo mwekundu hadi magotini, na katikati yao alisimama mdogo wake, mwembamba, na shati lile lile alilokamatwa nalo shuleni. Mama alikuwa amemkumbatia analia kwa sauti. Wembe naye akamkumbatia. Alikuwa wa baridi, lakini mtu aliyetoka gerezani utamtarajia awe na joto gani? Wakamkalisha mezani, wakampa chakula, akala, akala tena. Walipomuuliza kilichompata alijibu lile lile. "Niliambiwa nije nyumbani."

Redio iliendelea kusema mchana kutwa na usiku kucha, bila muziki wala taarifa ya habari. Sheria ilikuwa kwamba Mzee akizungumza hakuna kuzima, nayo nyumba zote zilitii. Kati ya amri na amri zilisikika zile pumzi.

Kesho yake alasiri alikuja shangazi yao kutoa pongezi. Mtaa mzima ulimjua kwa kutibu watu waliopandwa na majini, na kwa ulimi usio na breki. Siku hiyo hakutania. Alimshika mwalimu kiganja, akakiweka chini polepole, akamwita Wembe uani. Wembe akamweleza yote, hata habari ya kopo.

"Huyo si Mzee," shangazi alinong'ona. "Mzee amekufa kama tunavyokufa. Huyo ni yule aliyekuwa amempanda tangu ujana, aliyekuwa akimpa maneno. Jini hana pumzi yake, mwanangu. Huazima. Mwenyeji wake alipokufa angeondoka zake. Wewe umemjengea nyumba."

"Nifanyeje?"

"Kanda ipo?"

Ipo, kwenye mashine, alimjibu. Shangazi akasema azing'oe pumzi zote alizozipachika, azichome, na yeye atakuwepo na dawa yake mpaka moshi uishe. Jini atabaki na maneno matupu na hataweza kukaa. Wembe alikuwa ameshageuka kwenda, moyo mwepesi kwa mara ya kwanza, shangazi alipomdaka mkono.

"Ngoja. Zima kwanza redio ya humu ndani."

Waliingia. Sauti ilikuwa ikiita mitaa kwa majina, ikitaka wanaume wa kila mtaa watolewe nje. Wembe alizungusha kitufe, sauti ikakatika, na mezani kijiko cha mdogo wake kikasimama hewani, taya likashuka, macho yakabaki wazi na makavu, na kwa kuwa redio ya jirani bado ilisikika kwa mbali kupitia ukuta, kifua chake kilitikisika kidogo tu, kikataka kupanda, kikashindwa, kikataka tena, kikashindwa. Wembe akawasha upesi. Pumzi ikavutwa redioni, na kifua cha mwalimu kikapanda nayo. Kijiko kikaendelea na safari yake.

"Wale askari hawakumtoa gerezani," shangazi alisema chini chini. "Walimchimbua. Amri haikuuliza kama yu hai."

Nje lori lilikuwa linapunguza mwendo. Wembe alijua kwamba akienda kuzichoma zile pumzi nchi ingepona leo leo, na kwamba angerudi nyumbani kumzika ndugu yake. Alizitoa funguo za chumba cha kanda mfukoni.

Mama yao alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na uso wake ulionyesha kwamba amesikia kila kitu. Hakuna mtu aliyeichukia sauti ile kama yeye. Alikuja taratibu, akazitwaa funguo mkononi mwa Wembe kama anavyonyang'anywa mtoto kitu chenye ncha kali, akazitia kifuani mwake.

"Mama," Wembe alisema. "Wanawachukua majirani."

"Nawaona."

Lori lilisimama nyumba ya pili. Mlango ukagongwa, mwanamke akaanza kulia. Mama alimfuta mwanawe mdogo mdomo kwa ncha ya kanga yake, akaenda kwenye redio, akaongeza sauti mpaka mwisho.