Dera Lisilo na Jina

Aaliya alipofungua chumba chake cha kushonea asubuhi ile, alikuta dera la Wachuka limekuwa refu.

Kwanza alijilaumu mwenyewe, maana fundi naye ana siku zake za kukosea. Lakini Wachuka alikuwa mfupi, mfupi wa kutaniwa tangu shule ya msingi, na vipimo vyake Aaliya alivijua hata bila kushika futi kamba. Sasa pindo la chini lilikuwa limefumuliwa na kushonwa upya kwa mkono, na dera likining'inia kwenye hanga yake liligusa sakafu. Mishono ilikuwa midogo, safi, imelalia upande wa kushoto. Aaliya hakuwahi kushona hivyo maisha yake yote. Na ufunguo wa chumba kile ulikuwa mmoja tu, nao ulilala chini ya mto wake.

Tuseme ukweli, kushona madera Nyeri mwezi wa saba, ukungu ukiwa umekaa juu ya mabati mpaka saa tano, ni wazimu mtupu. Lakini madera hayo hayakuwa ya Nyeri. Yalikuwa ya Kisumu.

Walikuwa marafiki watatu. Aaliya alikuwa fundi, na chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa la Mzee Jashbhai. Zarna alikuwa binti wa mzee huyo, na ndiye aliyemlainisha baba yake mpaka akawakatia kitambaa cha manjano chenye maua ya buluu. Wachuka alifundisha chekechea kule Kiganjo. Safari ya Kisumu walikuwa wameipanga tangu wamalize shule, na kila mara ikaharibika. Mara msiba, mara mvua, mara gari la kuazima limekufa Karatina. Safari hii nyumba ya kulala ilikuwa imeshapatikana, karibu na ziwa, na kaka yake Zarna alikuwa ametoa gari. Wangeondoka Jumamosi alfajiri, wamevaa sare, wale samaki, wapige picha, warudi Jumapili wakiwa wamechoka vizuri.

Halafu Wachuka akajitoa. Alipiga simu Jumatatu jioni, sauti imelegea.

"Aaliya, usinikasirikie, tafadhali. Wazee wa ule upande mwingine wamesema wanakuja hiyo Jumamosi na mahari ya Shiro. Mum amesema lazima nikuwe Wamagana nipike."

"Si kuna shangazi zako?"

"Shiro ni dada yangu, jameni. Nitakosaje?"

Alikuwa na haki kabisa, na Aaliya alijua hivyo, ndiyo maana hasira ikampanda zaidi. Alikata simu. Akachomoa pini kwenye dera lililokuwa limeisha muda huohuo, akakichana kikaratasi cha jina kilichoandikwa Wachuka, akakitupa. Mlango ulikuwa wazi, ukungu umeingia mpaka kwenye cherehani, na msikitini walikuwa wanaadhini magharibi. Akashika simu na kurekodi ujumbe wa sauti kwenye grupu lao.

"Basi sawa. Dera liko hapa, limeisha, nafasi kwenye gari iko. Yeyote anayetaka kwenda Kisumu, karibu sana."

Aliposikiliza ujumbe ule baadaye, alisikia mwishoni, baada ya pumzi yake mwenyewe, mtu akisema taratibu: "Asante." Akadhani ni mteja anaagana na Mzee Jashbhai upande wa pili wa ukuta.

Kumbe kulikuwa na jambo alilolisahau. Marehemu bibi yake, Kibibi, ndiye aliyemfundisha kazi, na bibi huyo alikuwa na sharti moja ambalo Aaliya alilicheka lakini hakuwahi kulivunja. Mteja akiikataa nguo, unafumua mshono mmoja kabla ya giza, hata kama ni wa kwapani, ili nguo isilale ikiwa nzima na haina mwenyewe. Bibi hakueleza kwa nini. Alisema tu kwamba yeye aliona mara moja, na hataki kuona tena.

Sasa, Jumanne asubuhi, akiwa amesimama mbele ya lile pindo jipya, Aaliya alilikumbuka sharti lile. Alichukua wembe akaupitisha kwenye mshono wa bega. Wembe ukavunjika vipande viwili. Akachukua mwingine, nao ukavunjika. Chumbani kukaanza kunuka majivu yaliyomwagiwa maji, ile harufu ya jiko lililozimwa haraka, na hapakuwa na jiko mle ndani.

Alhamisi mchana Zarna alileta chai. Akasimama mlangoni na vikombe mkononi.

"Aaliya," alinong'ona, "nani ako huko ndani?"

"Ndani wapi? Mimi niko hapa na wewe."

"Huko nyuma ya pazia. Nani anavuta hanga?"

Wakasikiliza. Nyuma ya pazia, mahali wateja walipojaribia nguo, hanga zilikuwa zinasogezwa juu ya chuma, moja baada ya nyingine, kama mtu anavyochagua nguo dukani bila haraka. Zikasimama. Kitambaa kikachakarika, kama kinavaliwa.

"Vuta pazia," Zarna alisema.

"Vuta wewe."

Waliishia kulivuta pamoja, wameshikana mikono kama watoto. Dera lilikuwa kwenye hanga yake, limetulia. Kwapani lilikuwa na jasho bichi.

"Tulichome," Zarna alisema.

"Nyembe mbili zimevunjika juu yake, moto utakubali? Twende kwa Maalim Dawud. Leo."

Hawakuwahi kwenda. Walipogeuka, Wachuka alikuwa mlangoni, sweta limejaa matone ya ukungu na uso wote kicheko.

"Mabibi! Wazee wameahirisha! Ati mmoja ameumwa mgongo. Mum ameniachilia, naenda Kisumu! Dera yangu iko wapi?"

Kabla hawajafunga midomo yao iliyobaki wazi, alishapita katikati yao na kulivuta pazia.

"Wachuka, usivae!" Aaliya alipiga kelele.

"Wacha roho mbaya, wewe. Ulishanisamehe."

Wakasikia akicheka, wakasikia sweta likivuliwa, wakasikia hanga ikianguka, kisha hawakusikia kitu. Pazia likafunguka polepole na Wachuka akatoka akitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake, mikono imenyooka, macho yamemtazama Aaliya bila kumjua, na ile harufu ya majivu mabichi ikawajaa puani mpaka Zarna akaanza kukohoa, na Aaliya, aliyekuwa akirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa cherehani, aliangalia chini na kuona lile dera lililomzidi Wachuka kwa kiganja kizima likiburuta sakafuni.

"Zarna," alisema, "kimbia umlete Maalim."

Maalim Dawud alifundisha watoto madrasa asubuhi na kuuza viatu vya mitumba jioni. Kazi ya kutoa majini hakuipenda, wala hakuficha kwamba haipendi. Alifika bado ana kiatu kimoja cha mtoto mkononi. Akakiweka chini, akasema bismillahi, akaketi kwenye kigoda mbele ya Wachuka na kusoma kwa sauti ya chini kwa muda mrefu. Mzee Jashbhai alifunga duka lake bila kuuliza swali, akawasha udi wake mbele ya picha za miungu yake, upande wake wa ukuta.

Hatimaye kilichokuwa ndani ya Wachuka kikasema. Hakikunguruma. Laiti kingenguruma! Kilikuwa na sauti ya mgeni aliyefunzwa adabu.

"Maalim, mimi sijavunja mlango wa mtu. Nilikaribishwa."

"Na nani?"

Simu ya Aaliya, iliyokuwa juu ya meza na hakuna aliyeigusa, ikawaka. Sauti yake mwenyewe ikajaa chumba: nafasi kwenye gari iko, yeyote anayetaka kwenda Kisumu, karibu sana. Kisha lile neno dogo la mwisho. Asante.

Aaliya alitamani ardhi immeze. Maalim alimtazama, na hakuna mtu aliyewahi kumtazama kwa huruma ya namna ile.

"Mwenye mwili huu hakukukaribisha," Maalim alisema.

"Amevaa nguo yangu. Nimeipima, nimeikunja pindo. Yeye ndiye mfupi. Nitamrekebisha kidogo tu."

Ndipo Aaliya aliposikia ile sauti nyingine. Ilitoka kwenye vifundo vya miguu ya Wachuka, kisha magotini, kisha mgongoni, kama mlango mkavu unaosukumwa. Akaangalia chini tena. Dera halikuburuta. Pindo lilikuwa limepanda juu ya sakafu, na vidole vya Wachuka vilionekana, vyeupe, vimekakamaa, na machozi yalikuwa yanamtiririka shavuni ingawa uso wake haukulia. Maalim alipandisha sauti, Zarna alimkumbatia Wachuka kiunoni akimvuta chini kama anayezuia mti usikue, mifupa ikazidi kulia, na Aaliya, ambaye kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki kichwani mwake, kwamba huyu ni Wachuka, Wachuka wake, na yeye ndiye aliyelichana jina lake, akapiga magoti na kupiga ukelele:

"Mwache! Kisumu utaenda! Nitakupeleka mimi mwenyewe, mwache huyu!"

"Nyamaza, binti!" Maalim alisema, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Nimesikia," sauti ile ikajibu.

Wachuka akaanguka mikononi mwa Zarna, mfupi kama alivyoumbwa, amebaki na shimizi yake tu. Dera lilikuwa juu ya cherehani. Limekunjwa vizuri, tayari kwa safari.

Maalim alijifuta jasho katika baridi ile.

"Umeahidi, itabidi utimize," alisema mwishowe. "Mpeleke. Ukifika huko, wembe utakubali, kwa sababu ahadi itakuwa imetimia. Fumua mshono baada ya mshono mpaka kibaki kitambaa, ukiache hukohuko. Lakini nisikilize vizuri. Tangu sasa mpaka hapo, asikaribishwe tena. Usimwambie ingia, usimwambie keti, ukila usiseme karibu. Kila karibu ni mlango, na huyu hasahau mlango."

"Na Wachuka tumwambie nini?" Zarna aliuliza.

Aaliya alimtazama rafiki yake alivyolala, midomo ikirudiwa na rangi taratibu. "Tumwambie alizimia. Hakuwa amekula. Akijua, hatalala tena maishani, na ni mimi nilimfanyia." Aliona aibu, na aibu ile ndiyo iliyosema. Maalim alitikisa kichwa, akaokota kile kiatu cha mtoto akatoka.

Jumamosi waliamka giza bado halijaisha. Aaliya alilitia dera kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga kwa kamba, akauweka kwenye buti la gari. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Hakukitazama mara mbili. Zarna alishika usukani, mdomo wake ukisoma maombi ya kwao bila sauti. Hakuna aliyezungumzia picha wala samaki.

Walipopita Kiganjo kumuaga, Wachuka alikuwa anawangoja kando ya barabara, amejifunika shuka juu ya sweta. Mama yake alikuwa amemkataza kusafiri baada ya kuzimia vile. Alikuwa amepungua uso, lakini alikuwa yeye, na Aaliya alipomwona alihisi kama amerudishiwa kitu alichokuwa amekizika. Akateremsha kioo. Wachuka akaingiza mikono yote miwili akamkumbatia.

"Mniletee samaki, mnasikia? Na wewe, usinichukie. Mwaka ujao tutaenda sisi wote."

"Nisamehe," Aaliya alisema.

"Nikusamehe nini, wewe? Ni mimi wa kusema pole, nimewaharibia." Wachuka akacheka, akajifuta machozi kwa shuka. Kisha akasogea hatua moja, akainama kwenye dirisha la nyuma na kupunga mkono kwa ile adabu yake ya kusalimia kila mtu, hata asiyemjua.

Zarna akaacha kusoma maombi.

"Na wewe hata hatujajuana," Wachuka alisema kwa uchangamfu. "Lakini hiyo dera imekukaa poa, kushinda vile ingenikaa mimi. Mkirudi upite kwetu tunywe chai, sawa? Ni hapo tu, mlango ya kijani. Karibu sana."

Aaliya alitaka kupiga kelele, asipate pumzi. Nyuma ya kisogo chake, ndani ya gari, harufu ya majivu mabichi ikaanza kupanda.

"Asante," mtu akajibu taratibu.