Namba Nne kwenye Fomu Mbili

Jumatatu, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, muuguzi wa kliniki ya mifupa aligundua kwamba fundi cherehani ameondolewa kwenye orodha ya upasuaji wa goti. Fomu yake ya mguu, ambayo ndiyo daktari huitazama, ilisema anapanda ngazi, anachuchumaa, hata kukimbia bila shida yoyote. Fundi huyohuyo anayeingia kliniki akishika ukuta!

Bahati nzuri, mwezi ule walikuwa wanalinganisha fomu mbili, ya mguu na ya goti, waone ipi inaeleza hali ya mgonjwa vizuri zaidi. Muuguzi akaitoa ya goti. Nne, kila swali. Akairudia ya mguu. Nne, mwanzo mwisho, kwa kalamu ya bluu.

Hapo akashtuka. Kwenye fomu ya mguu, nne maana yake hakuna shida. Kwenye ya goti, nne ni shida kubwa kabisa. Hakuna mtu anayekimbia huku anashindwa kujigeuza kitandani.

Akampigia fundi simu. "Baba, Alhamisi ulijaza kwa kalamu gani?"

"Kalamu sina, Sista. Nilitumia penseli yangu ya kuchorea vitambaa. Nikaziweka fomu kwenye trei, nikatoka. Mkoba niliusahau, binti yangu akaurudia."

Basi fomu zilibadilishwa. Na muuguzi alijua lini: Alhamisi ile saa nne na nusu, alipoiacha trei mezani akaenda kunywa chai. Kanuni ni kufungia fomu kabatini kwanza.

Mtaalamu wa mazoezi, aliyekuwa akimnyoosha fundi goti kila wiki, alipoulizwa alikuja juu. "Unadhani nimempikia mzee nafuu ili nisifiwe?"

"Hapana. Wewe ndiye uliyenifundisha namba za fomu hizi zinavyopishana. Usingekosea hivi."

Kocha wa mpira, aliyepewa nafasi ya fundi, naye alifoka. "Sijaiba nafasi ya mtu!" Fomu zake zilimtetea: sifuri nyingi kwenye mguu, nne nyingi kwenye goti. Alikuwepo wagonjwa walipopewa maelezo ya namba, na aliyaelewa.

Aliyebadilisha hakuyasikia. Alidhani nne ni nzuri kotekote.

Saa saba mchana fundi na binti yake waliketi mbele ya muuguzi. Daktari angefunga orodha saa nane.

"Dada, ulipofuata mkoba ulijaza fomu nyingine?"

Binti alitazama sakafu. "Mama aliingia chumba cha upasuaji akitembea, Sista. Akatoka amefunikwa shuka. Nimebaki na huyu tu."

Muuguzi hakuwa na uso wa kumgombeza mtu. "Trei niliiacha mimi," alikiri. "Nisameheni." Kisha akatoa fomu mpya ya mguu na kumpa binti penseli ya baba yake. "Soma wewe, yeye ajibu."

"Kushuka ngazi," binti alisoma.

"Nashuka kwa makalio, mwanangu. Ukishaenda kazini."

"Tangu lini, baba?"

"Tangu mwaka jana. Sikutaka uone."

Binti alifuta machozi, akamgeukia muuguzi, akauliza kwa sauti ndogo: kwenye fomu hii, shida kubwa kabisa ni namba ngapi?