Kinachorudi Nyuma ni Kitambaa

Hilaria wa kijiji cha Masieda alikamua ng'ombe, akapika uji, kisha akaketi kwenye cherehani. Ilikuwa Ijumaa. Jumapili binti yake Lucia angepata kipaimara, na gauni lake jeupe lilikuwa bado vipande vipande.

Alikanyaga pedeli. Mshono ulikwenda vizuri. Alipofika mwisho, uzi ukajisokota, ukakatika. Akatunga uzi upya, akashona. Ukakatika tena. Mara nne! Hilaria alichanganyikiwa kabisa.

"Mwanzo inashona, mwisho inakataa. Mashine gani hii?"

Mumewe, Sulle, alichungulia mlangoni. Hata kutunga uzi hajui, lakini neno hakukosa.

"Ni mbovu, Mama Lucia. Kesho naifunga kwenye pikipiki, inarudi kwa aliyetuuzia."

"Na gauni langu, baba?" Lucia aliuliza huku machozi yakimlengalenga.

Lucia akakimbia kumwita Efrazia, jirani yao, fundi cherehani wa miaka mingi.

"Shikamoo, mama," Hilaria alimsalimu.

"Marahaba. Hebu shona nikuone."

Hilaria alishona. Mwisho wa mshono alisimamisha gurudumu, akalizungusha kinyume. Uzi ukakatika.

"Mbona umegeuza gurudumu?" Efrazia aliuliza.

"Si ulinifundisha wewe, mama? Ulisema nikifika mwisho nirudi nyuma kidogo, mshono usifumuke. Ndiyo narudi!"

Efrazia alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kosa ni langu, sikukueleza vizuri. Kinachorudi nyuma ni kitambaa! Gurudumu lina njia moja tu. Upande wake wa juu uje kwako, siku zote. Likienda kinyume, uzi unajisokota. Ukitaka kurudi, inua hiki kichuma cha mbele. Ukikishusha, kitambaa kinakwenda mbele tena."

"Na miguu?"

"Miguu ikanyage vilevile."

Hilaria hakuamini. Aliinua kichuma, akakanyaga. Kitambaa kikarudi. Akakishusha. Kitambaa kikaenda. Uzi haukukatika.

"Heee! Siku zote nilikuwa nahangaika na gurudumu!"

Jumamosi asubuhi Sulle alikuja na kamba ya kufungia mashine. Alimkuta Lucia amevaa gauni, anazunguka kwa furaha. Sulle akavuta mshono mmoja, akavuta wa pili. Yote ilishika.

"Hiyo kamba kafungie ndama," Hilaria alimwambia. "Halafu lete ile suruali yako iliyochanika."

Jumapili Lucia alipiga magoti mbele ya askofu. Gauni halikufumuka popote. Nyuma yake alisimama Sulle, amevaa suruali yenye kiraka kipya.