Aliyeachwa Nje ya Hesabu kwa Mzee Nyangau

Watu wangu wa Nyacheki, nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Asubuhi ile kwa Mzee Nyangau kulikuwa shwari. Majani chai yalikuwa yameshachumwa, naye mzee alikuwa akiota jua na kikombe chake cha uji. Mimi Orpah, mhudumu wa afya wa kijiji, nikafika na Akong'o, binti wa kutoka kaunti za ziwani, aliyekuja na utafiti wa afya wa nyumba kwa nyumba.

"Mzee, nani alilala katika boma hili usiku wa kuamkia leo?" Akong'o aliuliza. "Anayekubali tutampima virusi vya Ukimwi, na majibu atapewa mwenyewe kwa siri."

"Mimi na bibi yangu tu."

"Na nyumba ile?"

"Ya kijana yangu Eric. Yuko kazi Nakuru. Haina mtu."

Uongo mtupu! Ndani mlikuwa na Damaris, mke wa Eric, aliyekuwa akikohoa na kukonda tangu Krismasi. Mara mbili nilimsihi aende zahanati, akaniambia mkwewe hataki, anasema ni baridi ya huku kwenye chai. Sasa vipimo vilikuwa vimemfuata nyumbani.

Lakini kwetu kuna chinsoni, ile heshima inayomkataza baba kuingia nyumba ya mwanawe au kutaja malazi ya mkamwana. Nyangau alijificha nyuma ya heshima hiyo.

"Tena huo ugonjwa ni wa huko kwenu ziwani," akamwambia Akong'o.

Binti wa watu akanigeukia. "Mama Orpah, ni kweli hakuna mtu?"

Nami ninayejua kila mlango wa kijiji hiki nikatazama migomba. Eti nisimwaibishe mzee mbele ya mgeni!

Waliandikwa watu wawili, wakapimwa, wakawa salama. Kesho yake Nyangau alitamba sokoni kwamba boma lake ni safi.

Miezi minne baadaye tulimbeba Damaris hadi hospitali. Alipimwa, akakutwa na virusi, akapewa dawa, lakini kifua kikuu kilikuwa kimeshammaliza. Alinishika mkono.

"Mama, siku ile niliwasikia. Nilikuwa nimevaa, nimesimama nyuma ya mlango. Nilingoja mniite." Akapumzika kidogo. "Waambie wengine."

Tulimzika Jumapili. Nyangau alisoma majina ya watu wa boma lake, na safari hii la Damaris lilikuwamo.

Funzo

Mficha maradhi kifo humuumbua. Dawa zipo, na watu wanaishi nazo wakalea wajukuu. Wakija wapimaji, wataje wote waliolala kwako, kisha kila mtu mzima ajijibie mwenyewe. Heshima inayomzuia mgonjwa mlangoni si heshima. Nawe jirani unayeujua ukweli, ukiulizwa, usitazame migomba.